Sayari Ni Nane au Tisa?

Wazazi waliosoma kabla ya mwaka 2006 walifundishwa kwamba sayari ni tisa. Watoto wao leo huhesabu nane. Ubishi ukizuka nyumbani, baba husema mwalimu wa mtoto hajui kitu. Yafaa basi tulieleze jambo lenyewe, maana hapa hakuna aliyedanganywa.

Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali huonekana kwa macho, ndiyo sababu zina majina ya kale katika lugha yetu. Pluto haionekani hivyo. Iligunduliwa mwaka 1930 na Clyde Tombaugh, kijana wa Marekani, kwa kulinganisha picha za anga, ikahesabiwa sayari ya tisa.

Umbali wake je? Tuseme Jua limewekwa Ifakara mjini, na kilomita moja iwe ndio umbali kati yake na Dunia. Jua lingekuwa na upana wa mita 9, na Dunia ingekuwa kama chungwa. Mushtarii ingekuwa karibu na mto Kilombero. Neptune maeneo ya Lupiro, kilomita 30. Pluto, isiyozidi goroli ya watoto, ingezunguka kati ya kilomita 30 na 49. Na Eris, iliyogunduliwa mwaka 2005, ingefika hata kilomita 97, mbali kupita Mahenge.

Eris ndiyo iliyoleta shauri. Upana wake wakaribia ule wa Pluto, na kwa uzito yaishinda. Kama Pluto ni sayari, Eris itakataliwaje? Na hizo nyingine ndogo zilizozidi kuonekana huko tangu 1992? Basi Agosti 2006, mjini Prague, Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliamua: sayari hulizunguka Jua, ni mviringo kwa nguvu ya uzito wake, tena imeitawala njia yake pasipo wenzi wa kadiri yake. Pluto ilishindwa sharti la tatu, ikaitwa sayari kibete. Wako wataalamu wanaolipinga sharti hilo mpaka leo. Sisi twaliona la haki, ingawa maneno yake yangaliweza kuwa wazi zaidi.

Wala si mara ya kwanza. Tarehe 1 Januari 1801, huko Palermo, Padre Giuseppe Piazzi aliiona Ceres kati ya Mirihi na Mushtarii. Ikaitwa sayari kwa miaka mingi, kisha jirani zake walipokuwa wengi ikaondolewa. Mwaka 2006 Pluto iliposhuka, Ceres ya Padre ilipanda, zikakutana daraja moja.

Kibete hicho hata hivyo si kokoto. Reli ya TAZARA ipitayo hapa kwetu, toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ni kilomita 1,860. Upana wa Pluto ni kilomita 2,377. Chombo New Horizons, baada ya safari ya miaka tisa, kiliipita tarehe 14 Julai 2015, kikapiga picha za milima ya barafu na uwanda mpana wa naitrojeni iliyoganda. Habari zake zilichukua zaidi ya saa nne kutufikia.