Kuvunja Maandishi Vipande Vipande kwa Blender: Mwongozo kwa Mafundi wa Video wa Konde

Mwongozo huu ni kwa mafundi wanaohariri video za harusi, mahafali na matangazo hapa Konde na vijiji jirani vya Wilaya ya Micheweni, Pemba, wenye laptopu ya kawaida na programu ya Blender, ambayo hutolewa bure. Amri nimezitaja kama zinavyoonekana kwenye skrini, maana ndivyo fundi atakavyozitafuta.

Kabla ya kuwasha kompyuta, amua ni neno gani litavunjwa. Neno linalopasuka mbele ya mtazamaji limehukumiwa. Kwa hiyo UDHALILISHAJI livunjwe katika tangazo la kupinga udhalilishaji wa wanawake na watoto, na bei ya zamani ivunjwe ili bei mpya ionekane nyuma yake. Aya ya Qur'ani, jina la Mwenyezi Mungu na jina la Mtume visivunjwe kabisa, hata kama ni mapambo ya nyuma, hata kama mteja mwenyewe ameomba. Majina ya watu nayo yaangaliwe: jina la Abdalla limebeba jina la Mola ndani yake.

Majina ya bwana na bibi harusi yana njia yake. Hakuna mzazi atakayefurahi kuona jina la mwanawe likisambaratika siku ya ndoa. Yavunje kama kawaida, kisha geuza mwendo: vipande viinuke kutoka chini, vikutane na kuwa jina kamili. Blender ina chaguo la Reverse Frames katika kihariri chake cha video. Ficha tu kitu kilichotumika kugonga, kwani kikionekana kikirudi nyuma siri ya kazi imetoka.

Sasa kazi yenyewe. Weka mwendo wa fremu 25 kwa sekunde mwanzoni kabisa, kwa sababu Blender hufunguka ikiwa na 24, na ukibadilisha baadaye hesabu zote za muda zitahama. Andika neno, lipe unene kwa Extrude, chagua fonti nene isiyo na mikia. Blender haiungi vizuri herufi za Kiarabu; maandishi hayo yatengeneze kwa programu ya Inkscape, yahifadhi kama SVG, kisha yaingize.

Ukubwa wa herufi unastahili uangalifu kuliko mafundi wengi wanavyoupa. Blender hukokotoa mwanguko kwa mita na sekunde. Kipande kikidondoka kutoka mita 2 hufika chini kwa sekunde 0.64, yaani fremu 16. Kikidondoka kutoka mita 20 hutumia sekunde 2, yaani fremu 50. Basi herufi za urefu wa mita 2 huanguka kama kibao cha dukani, na za mita 20 huanguka kama ukuta wa jumba, ingawa kwenye skrini zote zinajaza nafasi ileile. Chagua uzito unaotaka mtazamaji ausikie, kisha tumia Apply Scale ili vipimo viwe vya kweli. Ukitaka mwendo wa taratibu bila kubadili ukubwa, punguza Speed ya ulimwengu wa Rigid Body kutoka 1 hadi 0.5.

Maandishi yageuzwe kuwa meshi, kisha yatiwe Remesh kwa hali ya Voxel, ukianza na 0.03 kwa herufi za mita 2, na uithibitishe kwa Apply. Hatua hii isirukwe. Meshi inayotoka kwenye maandishi huwa na kingo zisizoungana, na ukiikata hivyo baadhi ya vipande hutoka vikiwa vitupu ndani au havitoki kabisa. Pia meshi hiyo ina nukta kwenye mipaka ya herufi tu, na kikataji hutumia nukta hizo kuamua pa kukata. Remesh huzisambaza usoni kote. Baada ya hapo tenganisha neno kwa By Loose Parts, kila herufi iwe kitu chake.

Kikataji ni nyongeza iitwayo Cell Fracture. Tangu toleo la 4.2, lililotoka Julai 2024, haimo tena ndani ya Blender; hupakuliwa kando. Fundi mmoja akiipakua, wengine wanaweza kuichukua kwa flashi na kuiweka kwa Install from Disk, bila kila mtu kuteketeza bando lake. Hufanya kazi kwa kanuni iliyopewa jina la mwanahisabati Georgy Voronoi, aliyefariki mwaka 1908: nukta hutawanywa ndani ya herufi, na kila sehemu huhesabiwa kuwa ya nukta iliyo karibu nayo zaidi. Mipaka kati ya sehemu hizo ndiyo nyufa.

Source Limit huanzia 100, na idadi hiyo ni kwa kila herufi. Neno KONDE lingetoa vipande 500, ambavyo laptopu ya kawaida itavihisi. Anza na 40. Vipande 200 vinatosha, na huonekana vizuri zaidi, kwa sababu watazamaji wengi watatazama kwenye simu, na kipande kidogo mno hupotea kama vumbi. Lakini idadi sawa ya vipande kila mahali huonekana ya uongo. Kitu kikigongwa husagika pale kilipogongwa na kubaki na mapande makubwa mbali napo. Chora kwa kalamu ya Annotation mahali pa kupigwa, kisha chagua Annotation Pencil kama chanzo cha nukta, ili nyufa zisongamane hapo.

Nenda ukatazame magofu ya Chwaka, upande wa Tumbe. Pale lipu ya chokaa imebanduka, na jiwe la matumbawe lililo chini yake lina uso mkavu, wenye vishimo. Herufi inayotaka kuonekana ya jiwe inahitaji tofauti hiyo: uso wa nje laini, ndani pakavu. Cell Fracture ina nafasi ya kuchagua Material ya ndani peke yake, itumie.

Vipande vyote vipe Rigid Body ya aina ya Active, uzito ukokotolewe kwa Calculate Mass, na sakafu iwe Passive. Tufe la kugonga liwe Passive lenye alama kwenye Animated. Weka Start Deactivated kwenye vipande, la sivyo vitaporomoka kabla ya kuguswa. Tufe likipenya bila kugonga, ongeza Substeps.

Herufi nzima ibaki ikionekana hadi fremu ya kugongwa, ndipo uizime na kuwasha vipande. Ukionyesha vipande tangu mwanzo, nyufa zitaonekana kama nywele. Kisha fanya Bake, ili hesabu isirudiwe kila unapocheza.

Umeme wa Pemba hutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na unapokatika hausubiri fundi amalize. Usirende filamu moja kwa moja. Renda picha za PNG, moja kwa kila fremu. Sekunde 10 ni picha 250. Kila moja ikichukua nusu dakika, kazi ni saa 2 na dakika 5. Faili la filamu likikatizwa katikati huweza kuharibika lote, ilhali picha zilizokwisha kutoka hubaki. Ondoa alama kwenye Overwrite, na umeme ukirudi futa picha ya mwisho, maana huenda imeandikwa nusu, kisha anza kurenda tena. Blender itaendelea ilipoishia. Mkiwa na laptopu mbili zenye folda ya pamoja, weka pia alama kwenye Placeholders, zitagawana fremu zenyewe.

Sauti irekodi mwenyewe kwa simu: angusha vipande vya jiwe juu ya saruji, kisha panga mlio wa kwanza kwenye fremu ya kugongwa. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama video, kwani ikitumwa kama video hubanwa na vipande vidogo huvurugika.