Chakula cha Uani: Somo kwa Wenye Mikarafuu



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mkarafuu: kuuotesha, kuupalilia, kuuchuma na kuanika karafuu zake. Mara hii twataka kuzungumza juu ya kitu kisichopelekwa kituoni kuuzwa, nacho ni chakula cha nyumbani. Asidhani mtu kwamba tumeiacha kazi yetu. Sisi twaona kwamba mwenye mikarafuu asiye na muhogo karibu na nyumba yake, mikarafuu ile si yake kamili. Sehemu moja ni ya mwenye duka.

Tufikiri pamoja. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi huinama kwa uzito, na mwaka unaofuata pengine mtu hupata mapakacha mawili matatu tu. Lakini tumbo halina mwaka wa kuzaa na mwaka wa kupumzika. Lataka chakula kila siku. Basi katika mwaka mbaya mtu huenda dukani, huchukua gunia la mchele kwa ahadi, kisha la pili, na mwisho huambiwa aweke karafuu zilizo bado mtini. Sisi tunaoandika somo hili tumeipita njia hiyo. Tulichuma, tukachambua, tukaanika, na karafuu zetu zikatoka jamvini zikaenda moja kwa moja kulipa mchele tuliokwisha kuula zamani. Wazee walisema kweli: kukopa harusi, kulipa matanga.

Tena mchele mwingi tunaoula hutoka ng'ambo, na mlango wa ng'ambo hatuushiki sisi. Mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Burma, mchele wa huko uliokuwa ukiletwa visiwani ulikatika, na watu wakahimizwa kurudi kwenye muhogo na viazi. Hivi karibuni pia, mwezi wa Julai 2023, India ilizuia mchele wake mweupe usio wa basmati kuuzwa nje, na kizuizi hicho hakikuondolewa mpaka Septemba 2024. Hatusemi watu waache kula wali. Twasema chungu cha nyumbani kisitegemee meli peke yake.

1. Vyakula vya namna tatu

Kosa tunalolifanya wengi ni kupanda kitu kimoja kwa wakati mmoja, kikaiva chote pamoja, tukashiba mwezi mmoja kisha tukarudi dukani. Yafaa kupanda namna tatu.

Namna ya kwanza ni chakula kinachongoja. Hicho ni muhogo, viazi vikuu na majimbi. Vikikomaa havina haraka. Hukaa ardhini mpaka vitakiwe. Namna hii ni muhimu kwetu kuliko kwa wakulima wengine, kwa sababu wakati wa kuchuma karafuu hakuna mkono unaobaki nyumbani: wakubwa wako mtini, na wengine wanachambua. Mboga isiyotiwa maji wakati huo hufa, lakini muhogo hungoja.

Namna ya pili ni chakula cha haraka. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Bamia huanza kuzaa kwa kadiri ya miezi miwili. Kunde huliwa majani kwanza, kisha punje. Viazi vitamu hutoa matembele kabla ya kutoa viazi.

Namna ya tatu ni chakula cha miti: mshelisheli, mpapai, mgomba, mlonge, mnazi. Hii hupandwa mara moja, nayo hulisha miaka. Mgomba upandwe pale yanapomwagika maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea, nao utakunywa bila ya mtu kubeba ndoo.

2. Hesabu ya muhogo

Wengi husema, "Mimi nina muhogo," lakini ukiwauliza mashina mangapi, hawajui. Haya tuhesabu. Nyumba ikichimba mashina mawili kila wiki, kwa wiki 52 yatatakiwa mashina 104. Tuongeze 6 ya kufidia yatakayokufa, yawe 110. Ukipanda kwa nafasi ya futi 3 kila upande, mistari 10 yenye mashina 11 itaenea katika kiwanja cha futi 30 kwa 33. Kiwanja hicho si kikubwa. Wako wanachama wenye uwanja mtupu zaidi ya huo nyuma ya nyumba. Nyumba yenye watu wengi na ipande mara mbili yake.

Mistari 5 ipandwe mwanzo wa masika, na 5 mwanzo wa vuli, ili usiive wote pamoja. Uchimbe wa kupikwa tu, maana muhogo uliokwisha chimbwa huharibika kwa siku mbili au tatu.

Tazameni sana vijiti vya kupandia. Kiko kirusi cha michirizi ya kahawia, ambacho hufanya mabaka ya manjano katika majani na kuozesha muhogo ndani kwa ndani, na shina kwa nje laonekana zima. Mtu hupalilia mwaka mzima, akichimba hupata kitu cha kutupa. Nzi weupe hueneza ugonjwa huu, lakini hata sisi twaueneza tunapokata vijiti katika shina gonjwa na kumpa jirani. Mwaka 2007 zilitolewa hapa Zanzibar mbegu nne zenye kustahimili ugonjwa huu: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Mwanachama na amwulize bwana shamba wake mahali pa kupata vijiti safi.

Lakini muhogo mtupu haujengi mwili. Mtoto apewe pamoja nao kunde, choroko, dagaa au yai, na mboga ya majani. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe sana, kwani kikiwa kibichi kina sumu.

3. Kuilisha ardhi

Bustani inayotolewa bila ya kurudishiwa ni kama duka la mikopo: iko siku hufungwa. Kila kinachotoka uani na kirudi uani. Piga biwi la mbolea mahali penye kivuli, upana wa futi 4. Weka tabaka ya majani makavu, kisha majani mabichi na maganda, kisha samadi ya ng'ombe au mavi ya kuku, kisha udongo kidogo. Urudie hivyo mpaka lifike kiunoni. Lisiloweshwe likatota, wala lisikauke. Ligeuzwe kila baada ya wiki tatu. Kwa kadiri ya miezi mitatu litakuwa jeusi, lenye harufu ya udongo, nalo liko tayari.

Majani ya mkarafuu msiyatandaze mabichi juu ya matuta yenye mbegu. Yana mafuta makali, na yanaweza kuzuia mbegu kuota. Yaozesheni kwanza katika biwi.

Kunde, choroko na mbaazi hutia mbolea zenyewe, kwa sababu ya vijidudu vinavyokaa katika vifundo vya mizizi yake na kuvuta naitrojeni ya hewani. Ng'oa shina moja, ukate kifundo: kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Mkivuna msing'oe mizizi. Kateni shina, mizizi ibaki ardhini.

Na kwa kuwa wengi wetu, hasa Pemba, hukaa vilimani, matuta yakingame mteremko. Tuta linaloshuka na mlima huipa mvua njia ya kuchukua udongo wote mpaka bondeni.

4. Mikarafuu isidhurike

Mizizi mingi ya mkarafuu inayotafuta chakula iko karibu na uso wa ardhi. Kwa hiyo jembe lisiingie chini ya kivuli cha mkarafuu mkubwa. Lakini baina ya miche michanga iko nafasi nzuri: migomba na muhogo huipa miche kivuli inachokihitaji, na mwenye shamba hula wakati akingoja karafuu za kwanza, ambazo huchukua miaka sita au zaidi. Acheni futi 4 kuuzunguka kila mche, na miche ikikua muhogo uondolewe.

5. Kazi za mwaka

Februari: safisha, lima matuta, beba mbolea. Machi na Aprili: panda muhogo wa kwanza, migomba, mahindi na majimbi. Mei na Juni, mvua zinapopungua: kunde na choroko, zikauke wakati wa jua. Julai na Agosti: mchicha, bamia na bilingani karibu na maji. Oktoba na Novemba: muhogo wa pili na viazi vitamu. Karafuu zikianza, acheni mboga chache tu, mle kinachongoja.

Mbegu za kunde zikaushwe sana, zichanganywe na jivu lililochekechwa, zitiwe katika chupa yenye kizibo. Hapo fukusi hatazipata.

Neno moja zaidi. Si haki bustani hii kuwa mzigo wa mama watoto peke yake. Anayepanda mkarafuu anaweza pia kubeba samadi.

Maswali ya kujipima

1. Nyumba yako yahitaji mashina mangapi ya muhogo kwa mwaka? Unayo mangapi?
2. Ni chakula gani uani mwako kitakachongoja mpaka mwisho wa uchumaji?
3. Takataka za jikoni kwako huenda wapi?
4. Msimu uliopita, katika karafuu ulizouza, ngapi zilikwenda kulipa chakula kilichokwisha liwa?

Swali la nne jibuni wenyewe, kimya kimya, kwa kalamu na karatasi. Atakayeliona jibu lake ni kubwa, asingoje masika. Na akate vijiti safi, aanze na mstari mmoja.