Mwanza Hadi Ukerewe kwa Baiskeli: Panga Safari kwa Saa za Jua

Unataka kuizunguka Ghuba ya Speke kwa baiskeli? Njia ipo, tena nzuri. Unatoka Mwanza, unapita Kisesa, Magu na Lamadi hadi Bunda. Hapo unakata kushoto kuelekea Kisorya, unavuka kwa kivuko hadi Rugezi, unaendesha mpaka Nansio, kisha unarudi Mwanza kwa meli. Miguu itazoea. Jua ndilo la kulipangia.

Nenda kiangazi, Juni hadi Agosti. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo alfajiri ina kaubaridi. Kasikudanganye. Kufika saa tano lami inachoma, na miti ya kivuli ni michache kutoka Magu kwenda Lamadi.

Anza pakipambazuka. Endesha mpaka saa tano, kisha simama. Kula, lala, fua fulana. Rudi barabarani saa kumi, na saa kumi na mbili jioni uwe umeshapata gesti. Usijaribu kufidia kilomita saa nane mchana. Hapo ndipo watu wenye nguvu zao wanaanguka.

Vaa shati jepesi la mikono mirefu na kofia yenye ukingo nyuma ya shingo. Kifua wazi kinapoteza maji haraka na ngozi inaungua.

Sasa maji, na hapa nisikilize vizuri. Utaliona ziwa pembeni yako na utashawishika. Usinywe maji yake bila kuyachemsha au kuyatia dawa, na usiogelee kwenye matete. Kichocho kipo, na mamba wapo. Beba lita nne: chupa mbili kwenye fremu, zilizobaki kwenye dumu juu ya keria. Jaza kila mji unaofika hata kama hujamaliza. Kunywa kidogo kidogo kabla kiu haijakuuma.

Maji matupu hayatoshi, kwa sababu jasho linaondoka na chumvi. Chukua lita moja ya maji safi, weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote visawazishwe. Koroga. Hiyo ni nzuri kuliko soda yoyote.

Mkojo ukiwa wa njano nzito, umechelewa kunywa. Ukipata kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kikigonga, shuka. Tafuta kivuli, lowesha nguo, jipepee. Mwenzako akianza kuongea ovyo, mmwagie maji na mkimbize zahanati. Usisubiri apoe mwenyewe.

Chakula kisikusumbue, uko Usukumani. Nunua matobolwa sokoni, yale ya viazi vilivyochemshwa kisha vikaanikwa. Hayaozi, hayayeyuki, yanakaa mfukoni, na yanatia nguvu ya kutosha kukufikisha mji unaofuata. Jioni kula ugali na sato, ushibe kweli.

Baiskeli yako iwe ya kawaida kadiri inavyowezekana. Fundi yupo karibu kila senta, chini ya mti, na anajua kazi. Tairi za inchi 28 atakuwa nazo. Kama zako ni za saizi nyingine au vali ni nyembamba, beba tyubu mbili na pampu yako. Mbigili zimejaa pembezoni mwa lami, kwa hiyo ukishuka barabarani, inyanyue baiskeli badala ya kuiburuza. Kabla ya kuondoka, kaza spoku, badilisha raba za breki, paka mnyororo mafuta.

Barabara hii ina mabasi na malori ya kwenda Sirari. Weka kioo kwenye usukani. Ukisikia honi ndefu nyuma yako, toka kwenye lami kwanza, mambo mengine baadaye. Na kati ya Lamadi na Bunda unapakana na Hifadhi ya Serengeti; lango la Ndabaka liko pale pale. Wanyama huvuka. Usiku usiendeshe kipande hicho, hata kwa kilomita tano.

Ukitaka kulala kwenye hema kijijini, mwone kwanza mwenyekiti wa kitongoji. Msalimie, jieleze, omba sehemu. Mara nyingi utaonyeshwa ua wenye usalama na maji ya kuoga.

Ratiba ya kivuko na ya meli iulize siku moja kabla. Beba noti ndogondogo, maana baiskeli nayo inaweza kulipiwa. Ukipanda, vaa jaketi la kuokolea kabla chombo hakijang'oa nanga, na usione aibu kuwa peke yako uliyevaa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, humu humu Ukerewe, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Kilikuwa kimejaza kupita uwezo wake. Ukiona chombo kimejaa, kiache kiende, subiri kinachofuata.