Pori la Soignes na njia zake za farasi

Katika somo la jeografia tulifungua karte ya Bruxelles, muji mkubwa wa Ubelgiji, na wengi wakauliza juu ya lile doa kubwa la kijani upande wa kusini na mashariki. Ni pori kweli ao ni bustani tu? Na namna gani farasi wanapita mule kila siku na pori halimaliziki? Kwa hiyo nimeandika somo hili.

Ni pori kweli. Linaitwa Forêt de Soignes, nalo lina karibu hekta 4,400. Flandre inashika zaidi ya nusu, Bruxelles zaidi ya sehemu ya tatu, na Wallonie kipande kidogo. Miti mingi ni ile Wafaransa wanaita hêtre: mirefu sana, ngozi yake laini ya rangi ya majivu. Mwaka 2017 Unesco iliandika vipande fulani vya pori hili katika orodha ya mali ya dunia nzima.

Lakini mwanzo wa karne ya 19 pori hili lilipita hekta 10,000. Nani alikula zingine? Si farasi. Mwaka 1822 mfalme Guillaume wa Kwanza wa Uholanzi, aliyetawala Ubelgiji wakati ule, alilitia pori katika mali ya Société Générale, na kampuni ile ikauza sehemu kubwa. Wenye kununua wakakata miti, wakalima. Mwaka 1843 serikali ya Ubelgiji ikachukua kile kilichobakia. (Société Générale ni ileile iliyoshiriki kuanzisha Union Minière mwaka 1906 huku kwetu Katanga. Jina hilo wazee wetu wanalijua.) Kwa mawazo yangu, karatasi ya kuuza inamaliza pori mbio kuliko kwato.

Hata hivyo kwato nazo ziko na hatari yake. Farasi wa kupanda ana uzito wa karibu kilo 500, na uzito wote unakaa juu ya miguu minne midogo. Udongo wa Soignes ni laini, ni vumbi lililoletwa na upepo zamani, wakati wa baridi kubwa ya dunia. Ukikanyagwa unashikamana, maji hayaingii, hewa haiingii, na mzizi unakosa nafasi. Asiyesadiki aangalie ile njia ya mkato kati ya madarasa na jikoni yetu: mvua inanyesha, majani yanaota kila pahali, pale hapana. Na sisi hatuna hata farasi mmoja! Tena chini ya udongo ule wa Soignes kuna tabaka gumu, ndiyo maana mizizi ya hêtre haishuki mbali. Mwaka 1990 upepo mkali uliangusha miti mingi sana.

Juu ya hiyo, wageni wanagawanyiwa njia. Mwenye kupanda farasi anafuata njia za farasi zilizowekwa alama, hakati katikati ya miti. Mwenye kinga ana njia zake, na wa miguu zake. Farasi anashtuka upesi, basi ukikutana naye usipige kelele wala usikimbie nyuma yake.

Tena kuna farasi wa kazi. Mti ukikatwa, pahali pengine hawaingizi trakta, wanaleta farasi mnene wa kuvuta gogo mpaka barabarani. Trakta ingeponda udongo kwa upana mkubwa. Farasi anapita kati ya miti kwa njia nyembamba. Basi mnyama yule yule anaharibu ao anaponya, ni kadiri anavyoongozwa.

Mgeni anaweza kufika kwa tramu namba 44, inayotoka Montgomery, inapita kando ya pori mpaka Tervuren. Pale Mkongo asirudi mbio. Mwaka 1897, kwa maonyesho ya mfalme Léopold II, watu 267 waliletwa toka Kongo na kuwekwa katika bustani ya Tervuren ili watazamwe. Saba walikufa, nao wamezikwa kando ya kanisa la pale: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Kutoka makaburi hayo mpaka miti ya Soignes ni mwendo mfupi wa miguu.

Kazi ya kufanya, hasa kwa mwaka wa tano na wa sita: kandokando ya Lubumbashi miombo inarudi nyuma kila mwaka sababu ya makala. Ulizeni wazazi wenu pori lilianzia wapi walipokuwa watoto, hesabuni kilometa mpaka pahali linapoanzia leo, mlete hesabu kwa mwalimu wa jeografia.