Umerudi mezani kucheza poka? Soma haya kwanza

Kuna maswali ambayo mgonjwa humuuliza daktari akiwa ameshasimama na kushika kitasa cha mlango. Ameshapimwa shinikizo la damu, ameshaandikiwa dawa, kisha anageuka na kusema: "Daktari, zamani nilikuwa mchezaji wa poka. Niliacha miaka mingi na sasa nimerudi. Kuna ubaya?"

Swali hilo halijibiki kwa ndiyo au la. Mimi humwomba aketi tena, nikamuuliza mambo matatu: uliacha kwa nini, umerudi sasa kwa nini, na unameza dawa gani. Ikiwa wewe pia umerudi, au unamjua mzee wako aliyerudi, jiulizeni hayo hayo.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Vijana wetu wengi hapa Kenya huita poka, au kadi, ule mchezo wa kushindana kumaliza karata zilizo mkononi. Huo hauna neno. Ninaouzungumzia ni ule wa kuweka dau: karata 52, watu wamezunguka meza, kila mmoja akikisia mwenzake ameficha nini, na fungu la pesa likiwa katikati. Poka ina hesabu, subira na kusoma uso wa mtu, na wakicheza muda wa kutosha, anayeijua humshinda asiyeijua. Sioni aibu kusema ni mchezo mzuri.

Hata hivyo ustadi huo una mtego wake. Ukishinda unasema ni akili yako, ukiliwa unasema ni bahati mbaya. Miaka ikipita, kumbukumbu huhifadhi zile ree mbili ulizogawiwa (katika poka ya Texas hilo hutokea kwa wastani mara moja katika migao 221) na kuusahau usiku uliorudi nyumbani kwa nauli ya kuomba.

Uliacha kwa nini?

Wako walioacha kwa sababu maisha yaliwashughulisha. Walihamishwa kikazi, watoto wakazaliwa, au rafiki aliyekuwa akiwakaribisha kwake akafariki. Hao wakirudi kwa kiasi, aghalabu hakuna la kuogopa sana.

Wako pia walioacha kwa sababu waliungua. Walicheza karo ya watoto, wakauza ng'ombe, wakadanganya nyumbani. Kwa hawa ushauri wangu ni mkali: usirudi, hata kwa dau la shilingi kumi. Uraibu wa kamari ni maradhi. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuweka katika fungu moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, na Shirika la Afya Duniani linautambua katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, alimfundisha mbwa kutokwa na mate kila asikiapo ishara ya chakula. Kisha akaendelea kutoa ishara bila chakula, hadi mate yakakoma. Lakini mbwa huyo alipopumzishwa kwa muda na kusikia ishara ile tena, mate yalirudi. Mazoea yalikuwa yamelala tu. Mtu aliyekaa miaka kumi bila karata anastahili pongezi, lakini miaka hiyo haimpi ruhusa ya kujijaribu.

Kwa nini umerudi sasa?

Wengi ninaowaona wamestaafu. Mtumishi wa serikali huondoka kazini akiwa na miaka 60, mkononi ana kiinua mgongo, watoto wako mbali, pengine mwenzi wake amefariki. Anatafuta watu wa kuketi nao. Karata na marafiki wanne alasiri ni tiba nzuri ya upweke, na sitamkataza mtu. Lakini ikiwa hulali, chakula hakina ladha, hakuna kinachokufurahisha na unakwenda mezani ili usiwaze, hiyo yaweza kuwa dalili ya sonona. Sonona ina matibabu, nayo ni bora yaanze kabla ya mchezo.

Angalia pia jinsi mambo yalivyobadilika ulipokuwa mbali. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, mfuko ulipokauka mchezo wako uliisha. Ulisimama, ukatafuta matatu ya mwisho. Leo akiba yako yote imo ndani ya simu iliyo mfukoni, pamoja na mkopo unaopatikana kwa kubonyeza tu, na poka yenyewe inachezwa kwenye simu hiyo hiyo saa nane ya usiku, kitandani, bila mtu wa kukuambia twende nyumbani. Breki ulizozitegemea zamani hazipo. Ni lazima ujitengenezee nyingine: beba pesa taslimu ulizokwisha kuzihesabu kuwa zimepotea, simu uiache nyumbani, na mweleze mkeo au mumeo kiasi hicho kabla hujatoka. Kasino nayo hukata sehemu yake katika fungu la mezani, hivyo wachezaji wenye uwezo sawa wote huishia kupoteza kidogo kidogo. Nyumbani mnaweza kutumia kokwa za bao.

Unameza dawa gani?

Hapa ndipo nataka utulie, kwa maana watu wachache wanalijua jambo hili. Zipo dawa zinazoweza kumfanya mtu ashindwe kujizuia kucheza kamari, hata ambaye hakuwa na tabia hiyo. Za kwanza ni pramipeksoli na ropiniroli, wanazopewa wagonjwa wa Parkinson, yaani maradhi ya kutetemeka na kukakamaa, na pia wenye miguu isiyotulia usiku. Dawa hizo huiga kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia viungo kusogea na inayohusika pia na hamu ya kupata tuzo. Nyingine ni aripiprazoli, itumiwayo kwa maradhi ya akili. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuihusu.

Hivyo basi, mzee aliyekaa miaka 20 bila kugusa karata akianza kucheza kila usiku miezi michache baada ya kubadilishiwa dawa, msimwite mpotovu. Tazameni tarehe ya cheti cha dawa. Huenda wakati huo huo ameanza kununua vitu ovyo, kula bila kiasi, au hamu ya tendo la ndoa imepanda ghafla. Mpelekeni kwa daktari aliyemwandikia. Kupunguza au kubadilisha dawa mara nyingi huleta nafuu, lakini asiiache ghafla kwa uamuzi wake, maana kuikatiza kunaweza kumletea madhara mengine makubwa.

Wenye kisukari wanaodunga insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari wasikubali mchezo uwapitishe saa ya chakula. Jasho, mikono kutetemeka na mawazo kuvurugika mezani vinaweza kuwa sukari imeshuka, wala si woga wa dau. Kila saa inuka utembee, kwani kukaa muda mrefu kunaweza kugandisha damu miguuni. Kuhusu usingizi, mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi karibu kama aliye na kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, hali hiyo inakufikia saa tano usiku, wakati ambapo meza nyingi ndiyo kwanza zinachangamka.

Maswali mawili

Je, umewahi kuona lazima uongeze dau, tena na tena? Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linatosha kukuleta kwa daktari. Tiba kuu ni mazungumzo na mtaalamu, yanayomfundisha mgonjwa kuyatambua mawazo yanayomsukuma mezani na kuyajibu. Anzia zahanati iliyo karibu nawe. Ikibidi utapewa barua ya kwenda kwa daktari wa akili, kwa mfano katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Njoo na karatasi yenye madeni yote, hata ya simu, na uje na mtu unayemwamini.

Na ikiwa mwenye madeni ameanza kusema kwamba afadhali asiwepo, usingoje miadi wala usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.