Nyama ya Kuchoma: Usalama Huanzia Buchani



Pamba ikishauzwa, fedha huonekana kidogo katika nyumba zetu. Huku Mwandoya, wilayani Meatu, ndicho kipindi ambacho harufu ya nyama choma husikika karibu kila jioni. Mgeni akija au mtoto akibatizwa, watu hununua kilo mbili tatu na kuwasha mkaa. Hilo si baya, maana nyama hujenga mwili na kuongeza damu. Lakini wengi tunadhani kwamba moto husafisha kila kitu. Leo tujifunze kwa nini sivyo.

Tuliwahi kumpokea baba mmoja mwenye kidonda mkononi. Kilianza kama kipele cha kuwasha, kikawa lengelenge, kisha katikati pakawa peusi kama mkaa na mkono ukavimba. Ajabu ni kwamba kidonda chenyewe hakikumuuma. Tulipomwuliza, alisema alinunua kwa bei ya chini nyama ya ng'ombe aliyekufa usiku, akaikata mwenyewe. "Lakini sista, tuliichoma ikaiva kabisa," alituambia.

Ule ulikuwa ugonjwa wa kimeta. Alipona kwa sababu alikuja mapema akapewa dawa. Kosa lake halikuwa kwenye moto. Vijidudu vilimwingia kupitia mchubuko mkononi alipokuwa akikata, kabla hata mkaa haujawashwa. Tena vijidudu vya kimeta hujifunika ganda gumu, huweza kukaa ardhini miaka mingi, na moto wa kuchomea nyama si wa kutegemewa kuviua. Basi swali la kwanza si "Imeiva?" bali "Mnyama huyu alichinjwa akiwa mzima? Nani alimkagua?"

UKIFIKA BUCHANI

1. Tafuta muhuri. Mkaguzi wa nyama hupasua misuli ya taya, moyo na ulimi akitafuta vifuko vya tegu, na huangalia mapafu na ini akitafuta kifua kikuu na minyoo. Akiridhika hupiga muhuri. Usione haya kumwambia mwenye bucha, "Ndugu, naomba kuona muhuri." Mwenye bucha mwaminifu hatachukia.

2. Tazama, gusa, nusa. Nyama nzuri ni nyekundu na imara; ukiibonyeza hurudi. Ikiwa inateleza, ina ukijani au inanuka, iache. Ukiona vipunje vyeupe kama vya mchele ndani ya nyama, hiyo ni dalili ya tegu, usinunue.

3. Jihadhari na bei ya kushangaza. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Nyama inayouzwa kwa siri nyuma ya nyumba, iwe ya ng'ombe au ya porini, haijulikani ilikufaje.

4. Nenda asubuhi, na chukua chombo chako safi chenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na gazeti kuukuu si kitu cha kufungia chakula.

UKIFIKA MOTONI

Tegu, tofauti na kimeta, hufa nyama ikiiva vizuri. Lakini pande kubwa juu ya moto mkali huungua nje huku ndani likibaki bichi. Kata vipande vya wastani, subiri mkaa ushike vizuri na miali itulie, kisha choma polepole mpaka katikati pasiwe pekundu. Chumvi na ndimu huongeza ladha, haviui tegu.

Sahani iliyobeba nyama mbichi isibebe iliyoiva kabla haijaoshwa. Kachumbari isikatwe kwa kisu na ubao wa nyama mbichi. Nawa mikono kwa sabuni.

Tukumbuke pia choo. Mtu mwenye tegu akijisaidia porini, mayai hubaki kwenye majani, ng'ombe huyala, na tegu hurudi kwetu kupitia bucha. Kutumia choo ni kulinda nyama yetu wenyewe.

NG'OMBE AKIFA MWENYEWE

Tunajua uchungu wa mfugaji anayemkuta ng'ombe wake amelala zizini amekufa. Kumfukia ni kama kuzika ada ya mtoto. Lakini akifa ghafla, hasa akitokwa na damu nyeusi isiyoganda puani au nyuma, msimchune, msimpasue, wala msiwagawie majirani. Mwiteni afisa mifugo. Ataelekeza namna ya kumchoma au kumfukia chini sana. Wale walio hai wachanjwe, kwani chanjo ya kimeta ipo.

Aliyekwisha kushika au kula nyama ya namna hiyo, kisha akapata kipele kinachogeuka cheusi, homa, tumbo kuuma sana au kuhara damu, aje hospitali siku hiyo hiyo, na aseme ukweli wa alichokula. Hatumgombezi mtu. Ukweli wake hutusaidia kumpa dawa inayofaa na kuwaokoa wengine walioila.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini nyama ya kibudu ni hatari hata kabla ya kuchomwa?
2. Mkaguzi hutafuta nini anapopasua taya, moyo na ulimi wa ng'ombe?
3. Je, bucha unalonunulia wewe, umewahi kuuona muhuri?