Kupangisha Vikoa Vidogo: Mali Yako au Amana?

 

Ndugu msomaji, somo letu safari hii linaanzia kwenye kompyuta na kuishia kwenye fiqhi. Tuanze na mfano. Tuseme ndugu mmoja anayekaa Kanyosha ndiye msimamizi wa tovuti ya jumuiya yake. Jina la tovuti na nafasi yake kwenye seva vinalipiwa kila mwaka kwa michango ya wanachama. Siku moja anamjia fundi cherehani, kisha muuza simu, kisha mwenye duka la nguo. Wote wanasema: tupe nafasi kwenye intaneti, tutakulipa kila mwezi kwa Lumicash. Ndugu yetu anafungua akaunti, anabonyeza mara chache, na kabla ya Magharibi ana wapangaji watatu. Jumuiya haina habari.

Hapo yapo maswali mawili. Je, tovuti ya jumuiya bado iko salama? Na je, pesa zile ni halali kwake? Hatuwezi kujibu la pili kabla ya kuelewa la kwanza, kwa sababu hukumu ya jambo hufuata kulielewa jambo lenyewe.

Kikoa kidogo ni nini

Jina la tovuti huitwa kikoa, au domeini kama wengi wetu tunavyosema. Mfumo wa majina haya ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kabla yake, majina ya kompyuta zote za mtandao yaliandikwa katika faili moja, na faili hilo likawa refu mno kusimamiwa na mtu mmoja. Mockapetris aligawa kazi: kila mwenye jina awe na mamlaka juu ya majina yaliyo chini yake.

Jina husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Chukua udsm.ac.tz: tz ni Tanzania, ac ni vyuo, na udsm ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sisi Burundi tuna bi. Ukiwa umesajili kikoa, tukiite mfano.bi, unaweza kuongeza neno lolote mbele yake: duka.mfano.bi, cherehani.mfano.bi. Hicho ndicho kikoa kidogo. Kila neno lisizidi herufi 63, na jina zima lisizidi 253. Humwombi mtu ruhusa ya kukiunda, na msajili wa kikoa hakudai malipo mengine. Ndiyo maana kukipangisha kunavutia: kitu ambacho wewe hukukilipia zaidi, mwenzako yuko tayari kukilipia.

Unapangisha jina, au jina pamoja na chumba?

Hapa ndipo wengi hukosea. Kupangisha kikoa kidogo kuna namna mbili, na hazifanani.

Namna ya kwanza ni kupangisha jina peke yake. Mpangaji ana seva yake kwingine. Wewe unaandika rekodi moja tu katika orodha ya majina yako, inayosema: anayetafuta duka.mfano.bi aelekezwe kwenye anwani fulani. Ni kama kumruhusu mtu aweke kibao chenye jina la ukoo wako mlangoni kwake. Faili zake hazigusi zako.

Namna ya pili ni kupangisha jina pamoja na nafasi ndani ya akaunti yako. Kwenye cPanel, ambayo kampuni nyingi za uhifadhi hutumia, unaunda kikoa kidogo na folda yake, kisha unampa mpangaji nywila ya kupakia faili katika folda hiyo. Anaona folda yake tu, nawe unadhani umemfungia chumbani.

Haikuwa hivyo. Katika akaunti ya kawaida, vikoa vidogo vyote huendeshwa na seva kwa jina la mtumiaji mmoja, yaani wewe. Mpangaji akipakia programu ya PHP, programu hiyo inafanya kazi kwa mamlaka yako. Inaweza kusoma folda za jirani, likiwemo faili lenye nywila ya hifadhidata ya jumuiya. Hata kama mpangaji ni mtu mwema, ikiwa programu yake ni ya zamani na mwizi akaivunja, mwizi huyo ameingia nyumba nzima. Ukuta ulioudhani wa matofali ulikuwa pazia.

Njia salama zipo. Ama upangishe jina tu. Ama upakie wewe mwenyewe kurasa za mpangaji zisizo na programu ndani yake. Ama ununue akaunti ya uwakala, ile inayokuruhusu kumfungulia kila mpangaji akaunti yake yenye mtumiaji wake.

Nyumba moja, mita moja

Aliyewahi kukaa kwenye kiwanja chenye wapangaji sita na mita moja ya REGIDESO anajua maana ya kushirikiana. Mmoja akiacha bomba wazi, wote hulipa. Akaunti ya uhifadhi ni hivyo hivyo: nafasi ya diski, idadi ya faili na kasi ya seva ni fungu moja. Mwenye duka la nguo akijaza picha kubwa kubwa, tovuti ya jumuiya inazorota siku ya kutangaza Idi.

Jina nalo linashirikiwa. Julai 2011 Google iliondoa katika matokeo yake ya utafutaji tovuti zote zilizokuwa chini ya co.cc. Huyo alikuwa mfanyabiashara binafsi aliyegawa vikoa vidogo kwa mamilioni, vingine bure. Matapeli walijaa humo, na wapangaji waaminifu wakaondolewa pamoja nao. Mwaka 2024 Google iliongeza kanuni dhidi ya wenye tovuti zenye sifa nzuri wanaowapangishia watu wengine sehemu za tovuti hizo ili wanufaike na sifa wasiyoichuma. Kwa hiyo anayekuja kwako kwa sababu tu jina lako lina heshima, anataka kukodi heshima yako, na ikichafuka hairudi pamoja na ufunguo.

Kuna pia vidakuzi, yale maandishi madogo ambayo kivinjari hutunza ili tovuti ikukumbuke. Kikoa kidogo kinaweza kuweka kidakuzi kinachofika hadi kwenye kikoa kikuu. Kwa sababu za usalama kama hizi, Aprili 2013 GitHub ilizihamisha kurasa za watumiaji wake kutoka github.com kwenda github.io, ili wapangaji wasikae chini ya jina lile lile ambalo watu huingilia kwa nywila. Fundisho ni jepesi: ukitaka kupangisha, sajili kikoa kingine kwa kazi hiyo, usitumie kile cha jumuiya.

Fiqhi inasemaje

Kupangisha kikoa kidogo ni ijara, yaani kuuza manufaa ya kitu kwa muda huku kitu chenyewe kikibaki kwa mwenyewe. Asili yake ni halali. Katika Suratul Qasas tunasoma jinsi Nabii Musa (AS) alivyokubaliana na yule mzee wa Madyan: kazi ikajulikana, malipo yakajulikana, na muda ukatajwa, miaka minane, na kumi kwa hiari yake. Wanazuoni wanadai mambo hayo hayo katika kila ijara: manufaa yajulikane, yawe ya halali, ujira ujulikane na muda ujulikane. Kisichojulikana huingiza gharari, na gharari huzaa ugomvi.

Sasa, wewe mwenyewe ni mpangaji. Kikoa umekikodi kwa mwaka, seva umeikodi kwa mwezi au mwaka. Je, mpangaji anaweza kupangisha? Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafii, wanaruhusu, hata kwa bei ya juu kuliko uliyolipa, maadamu mwenye mali hakukuwekea sharti la kukataza. Wahanafi wanasema ziada hiyo itolewe sadaka isipokuwa kama umeongeza kitu chako, na anayetengeneza na kutunza tovuti ya mpangaji ameongeza.

Lakini lile neno "maadamu" ni zito. Kampuni nyingi za uhifadhi zimeandika katika masharti yao kwamba akaunti ya kawaida haipangishwi kwa mtu mwingine. Ulipoweka alama ya "nakubali" bila kusoma, uliahidi. Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize ahadi zao, na Mtume (SAW) ametufundisha kwamba Waislamu husimama juu ya masharti yao, ila sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Kwa hiyo soma masharti kabla ya kuchukua faranga ya mtu.

Vilevile huwezi kupangisha muda usio nao. Kikoa chako kikiisha Desemba, usimuuzie mtu miaka miwili. Kikifa kikoa kikuu, vidogo vyote hufa siku hiyo hiyo, pamoja na kadi za biashara alizochapisha fundi wetu.

Sasa turudi kwa ndugu wa Kanyosha. Akaunti ile si yake. Yeye ni mwenye kuaminiwa. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyetumwa na Mtume (SAW) kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (SAW) alikasirika, akauliza kama zawadi ile ingemfikia lau angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake. Tujiulize hivyo hivyo: mwenye duka la nguo angemlipa ndugu yetu kama asingekuwa na nywila ya jumuiya? Kodi ya mali ya jumuiya ni ya jumuiya. Akitaka ujira wa kazi yake, auombe wazi kikaoni, na uongozi ukikubali, uandikwe. Na ikiwa ameshapokea, mlango wa kurekebisha uko wazi: awaeleze viongozi, arudishe, na awaondoe wapangaji kwa wema baada ya kuwapa muda wa kuhama.

Ukiamua kupangisha kilicho chako

Sura ya Al-Baqara inatuelekeza kuandika madeni, na mkataba huu nao unastahili karatasi. Andika haya:

1. Jina kamili la kikoa kidogo, na kama unapangisha jina tu au jina na nafasi.
2. Kiasi cha nafasi, na nani atatengeneza kikiharibika.
3. Kodi na muda. Ikiwa wewe unalipa seva kwa dola na yeye anakulipa kwa faranga, chagueni muda mfupi, miezi mitatu kwa mfano, mkubaliane upya, kuliko kuvunja neno katikati.
4. Visivyoruhusiwa: kamari, picha chafu, kurasa za kuiba nywila, barua pepe za kusumbua watu. Hapa usifumbe macho. Ayat ya pili ya Suratul Maida inakataza kusaidiana katika dhambi, na kampuni ya uhifadhi ikipata malalamiko itafunga akaunti yote, si chumba kimoja.
5. Kwamba jina linabaki lako, na akihama hahami nalo.
6. Notisi ya kuondoka, na nakala ya faili zake atakayokabidhiwa.

Mpangaji akiondoka, futa rekodi yake siku hiyo hiyo. Rekodi iliyoachwa ikielekeza kwenye huduma ambayo mwenyewe ameifunga, tapeli anaweza kuikodi huduma hiyo na kuzungumza na watu kwa jina lako. Usisahau pia cheti cha usalama: Let's Encrypt hutoa bure, lakini cheti kina muda maalumu, kwa hiyo hakikisha kinajihuisha chenyewe.

Maswali ya halaka

1. Taja tofauti mbili kati ya kupangisha jina na kupangisha nafasi.
2. Kwa nini nywila ya folda moja haitoshi kulinda tovuti ya jumuiya?
3. Jumuiya yenu ikitaka kupata kodi kwa vikoa vidogo, ni ruhusa zipi mbili zinazotakiwa kwanza?
4. Tovuti ya jumuiya yenu inalipiwa na nani, na nani ana nywila yake leo?

Swali la nne lisijibiwe kwa kubahatisha. Waulizeni viongozi wenu kabla ya halaka ijayo.

Allah atuwafikishe kula cha halali na kutunza amana. Wallahu a'lam.